Nililipa laki moja na nusu ili simu yangu ichekwe

Nianze na hili maana ndilo linaloniuma: nililipa mwenyewe. Wenzangu wa kazi hii mnajua, semina tumezoea kuitwa. Unapewa nauli, posho, chai na vitumbua, unasaini karatasi unarudi kwako. Hii ya Mwanza hapana. Tangazo lilipita kwenye kundi letu la waandishi wa mikoani, "uandishi wa kidijitali kwa simu yako ya mkononi, siku tatu", nami nikasema haya, nimechoka kuachwa nyuma na vijana. Habari moja ya redio nalipwa elfu saba, tena ikirushwa. Isiporushwa, umeumia. Piga hesabu ni habari ngapi ziliingia kwenye laki na nusu hiyo, bado nauli ya meli kutoka Bukoba, bado gesti.

Siku ya kwanza sina la kusema. Utambulisho, salamu za wageni rasmi, picha ya pamoja. Chakula kilikuwa kizuri, nisiwe mwongo.

Siku ya pili asubuhi mkufunzi, kijana kutoka Dar anayetembea ukumbini na maikrofoni kama mhubiri wa mkutano wa injili, akawasha projekta. Nikaganda kwenye kiti. Ilikuwa ile ndege ya Precision Air iliyoangukia ziwani pale kwetu, Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022. Mkia umesimama juu ya maji, mitumbwi imeizunguka. Mle ndani walikuwamo watu 43, na 19 hawakutoka hai. Ukumbi ukanyamaza. Mkufunzi akasema, oneni nguvu ya simu: video inatikisika, sauti ni upepo mtupu, lakini nani alijali? Aliyekuwepo ndiye mwandishi.

Maneno hayo yaliniingia, maana mimi nilikuwepo. Nilikuwa njiani kwenda ibadani, nikavua viatu nikakimbia na wenzangu hadi ufukweni. Nilirekodi dakika nne nzima. Kilichonishinda ni kutuma. Klipu nzito, bando likakata katikati, mtandao nao ukawa umeelemewa, kila mtu anapiga simu kuuliza ndugu yake. Video yangu ilipofika studio, mhariri alikuwa ameshapata nyingine tano kwa watu wasio waandishi kabisa. Hicho ndicho nilichokwenda kukinunua Mwanza. Sikwenda kutafuta cheti. Nilitaka nijue namna ya kuitoa video ufukweni ikafika studio.

Haikupita saa moja, zoezi la vitendo. Simu zote mezani. Akawa anapita anachagua: hii sawa, hii sawa, aah, hii ya kisasa. Yangu akaiokota kwa vidole viwili kama mtu anayeondoa panya. Ni Tecno, kioo kina ufa, kava nimelishikiza kwa mpira wa kufungia noti. Akainyanyua ukumbi mzima uione. "Jamani, hii ndiyo sababu habari za mikoani hazitazamwi. Mama yangu, hii tuipeleke makumbusho."

Wakaangua kicheko. Hata yule mwenzangu wa Muleba aliyepandia Kemondo, niliyemgawia ndizi zangu melini usiku kucha, alicheka mpaka akajifuta macho.

Nikasema, "Mwalimu, simu hii hii ilikuwa ufukweni siku ile uliyotuonyesha." Akajibu, "Hongera mama, basi imeshastahili kustaafu," akahamia meza ya pili.

Hapo ndipo nilipoishiwa. Matusi nimetukanwa mengi katika miaka yangu ya kazi, na wakubwa kumzidi. Kilichonikera ni kwamba hakuuliza swali la pili. Mwandishi yeyote, hata wa wiki moja kazini, akiambiwa "nilikuwepo", atauliza uliona nini, ulirekodi kiasi gani, ikawaje. Yeye anatufundisha kutafuta habari, na habari imekaa mbele yake imevaa kitenge, anaicheka.

Kuanzia hapo kila kitu kilinichefua, hata yale ambayo pengine yalikuwa sawa. Alituonyesha vifaa vya kushikia simu isitikisike, bei yake ni habari zangu za miezi miwili. Alituonyesha droni. Droni, kwa mtu wa redio! Kisha akatuhimiza kila mmoja afungue chaneli yake ya habari mtandaoni leo leo, "msisubiri mhariri". Mzee mmoja wa Shinyanga akauliza, na leseni ya TCRA, ile Mamlaka ya Mawasiliano, je? Akajibiwa hayo ni mambo ya wanasheria. Ya wanasheria? Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka faini isiyopungua milioni 5 au kifungo, mwaka 2020 zikaja mpya mahali pake, nazo zimefanyiwa mabadiliko, lakini anayerusha habari bado anatakiwa awe na leseni. Umemwambia mtu aruke, basi mwambie na kina cha maji.

Nilikuja kuandika msiende, basi. Na ningeishia hapa, isipokuwa kuna binti.

Jioni ile nilikuwa nafunga mkoba niende zangu. Binti mmoja aliyekuwa akiunganisha nyaya za projekta na kugawa kalamu akanifuata. "Shikamoo mama. Naomba niione ile simu." Nikadhani naye kaja kucheka. Akakaa chini, akaifungua, akaanza kufuta picha za "asubuhi njema" zilizojaza memori yote. Akazima WhatsApp isijipakulie video yenyewe, maana huko ndiko bando langu lilikokuwa likiishia, kumbe! Akaniambia kabla ya kurekodi niweke modi ya ndege ili simu ya mtu isije ikakata tukio. Nishike kila picha sekunde kumi bila kuhama. Nikate sekunde 30 zilizo muhimu nizitume upesi zikiwa nyepesi, studio wawe na kitu, halafu usiku nitume nzima kama dokumenti ili WhatsApp isiibane ikapoteza ubora. Earphone zangu za waya, zile za elfu mbili, akaibana maikrofoni yake kwenye kola ya gauni langu: sauti safi. Na video nikiitilia shaka, niisimamishe, nipige picha ya skrini, niitafute kwa Google Lens au niipandishe TinEye, zana za kutafuta picha ilikowahi kutokea mtandaoni, na huko TinEye nipange matokeo kuanzia la zamani.

Dakika arobaini, tumekaa kwenye ngazi. Kopo la senene nililolibeba kutoka nyumbani, la kumzawadia mkufunzi, nikampa yeye.

Mvua za juzi juzi hapa, mhariri akanipigia anahema: kuna picha kundini, daraja limesombwa huko kwenu, tupe habari saa hii hii. Nikaitafuta picha. Dakika mbili. Ilikuwa ya miaka iliyopita, na daraja lenyewe liko nchi nyingine kabisa. Zamani ningeisoma hewani, nikaanza na "habari za kusikitisha".

Sasa niwaambie nini? Mafunzo yale yamenisaidia, siwezi kukana. Lakini hayakufundishwa na niliyemlipa. Aliyenifundisha hakuwa hata kwenye ratiba, na sidhani kama katika laki na nusu yangu alionja hata elfu kumi. Kuna wakati nasema nendeni, mkae nyuma karibu na nyaya. Kuna wakati nakumbuka vile vidole viwili nasema bora mnunue bando mjifunze wenyewe.

Nilikuwa nimeshaanza kupoa, kweli, nikataka niwape hata nyota tatu. Ndipo cheti kikaingia kwa simu. Jina la baba yangu limekosewa herufi mbili, na mbele yake wameandika "Bwana". Nikawaandikia kwa adabu, naombeni mnirekebishie. Jibu: marekebisho ni elfu kumi, tuma kwa namba hii, usisahau kuandika jina lako kwa usahihi.

Sijatuma. Nyota moja, na hiyo ni ya binti.