Modulor ya Moritzplatz, Berlin: nini ununue pale, nini ukatafute kwingine

Anayefika Berlin kusomea ubunifu wa bidhaa au usanifu majengo, awe chuo cha sanaa cha UdK, awe kile cha Weißensee, hulisikia jina la Modulor mapema kabisa. Duka hilo la vifaa vya modeli na sanaa lilianzishwa 1988, na tangu 2011 limo ndani ya jengo la Aufbau Haus, Prinzenstraße 85. Ukipanda ngazi za kituo cha Moritzplatz, laini ya U8, umeshafika. Ndani mna kadibodi za kila unene, akriliki (plastiki ngumu kama kioo), povu, balsa (mbao nyepesi sana), fito za shaba, vitambaa, jasi, silikoni, na hata sanamu ndogo za watu kwa skeli ya 1:50, 1:100 na 1:200. Ni duka zuri, tena zuri sana, na mwanafunzi asiye na mpango hutoka humo akiwa amemaliza posho ya wiki nzima kwa kikapu kimoja.

Msimamo wetu ni huu: pale ununue kitu ambacho unene wake au ukingo wake ndio utakaoamua kama modeli itasimama sawa. Vingine vyote vina mahali pake kwa bei nafuu zaidi.

Kadibodi ndiyo sababu ya kwanza ya kwenda. Aina mbili zinatosha kwa mwaka mzima wa kwanza. Graupappe ni kadibodi ya kijivu iliyotengenezwa kwa karatasi zilizorejelezwa, ile ngumu inayofichwa ndani ya majalada ya vitabu. Ni nzito, inabaki bapa, ila inamaliza makali ya wembe haraka. Finnpappe ni ya nyuzi za mbao, rangi yake inakaribia maziwa, nyepesi, na kisu hupita ndani yake kwa upole. Kasoro yake ni mwanga wa jua: nyuzi zake bado zina lignini (gundi asilia ya mbao), hivyo modeli iliyoachwa dirishani hugeuka njano upande mmoja tu, na kufika siku ya kuwasilisha inaonekana chafu. Modeli za majaribio zifanye kwa kijivu. Finnpappe iweke kwa ile ya mwisho, na uihifadhi kabatini.

Unene uuchague kwa hesabu kabla hujatoka chumbani. Ukuta wa sentimita 20 ni milimita 2 kwa skeli ya 1:100, milimita 4 kwa 1:50, na sentimita 1 kamili kwa 1:20. Hiyo ya mwisho usiinunue kama kipande kimoja kinene: bandika tabaka za mm 2, ukingo utakuwa safi na utalipa kidogo. Kigoda cha plaiwudi ya mm 18 kwa skeli ya 1:10 kinadai mm 1.8, unene ambao huenda usiupate kwa kadibodi hizi. Ukitumia mm 2, zile 0.2 za ziada hujikusanya kila panapokutana vipande viwili, basi punguza urefu wa vipande vya kati, la sivyo kigoda kitapanuka na miguu haitakaa wima.

Karatasi nzima huwa takriban sentimita 70 kwa 100, na Moritzplatz ina upepo. Tumia huduma yao ya kukata kwa vipimo: nusu ya karatasi hiyo, yaani 50 kwa 70, inaingia bila shida kwenye mkoba wa michoro wa A1, na kwenye behewa lililojaa hutamgonga mtu wala haitakunjwa. Lakini kwa vipande vidogo vya modeli yenyewe usiwaombe wakukatie. Huko ni kulipia mkono ambao chuo kinakutaka uujenge mwenyewe.

Kisu, basi. Cha mm 9 chenye wembe wa kukatika vipande ndicho kinachofaa kwa karibu kila kazi ya mezani. Olfa ndio walioanza na aina hii Japani mwaka 1956, na visu vyao bado ni chaguo la kuaminika. Wembe wa mm 9 una unene wa takriban mm 0.38, wa mm 18 una mm 0.5. Huo mpana ni imara lakini unaparua kadibodi nyembamba, uache kwa povu na plaiwudi laini. Kadibodi ya mm 2 ikatwe kwa kupitisha kisu mara tatu au nne, mara ya kwanza kwa wepesi sana ili kufungua njia tu. Anayelazimisha kwa mkato mmoja hupata ukingo ulioinama, kwa sababu wembe mwembamba hujipinda ukibanwa, halafu anailaumu kadibodi. Katika Graupappe vunja ncha baada ya mita chache za kukata, na vipande vilivyovunjika vitie kwenye kopo lenye kifuniko, si kwenye mfuko wa taka ambao mwenzako wa nyumba ataushika kwa mkono.

Rula iwe ya chuma yenye mpira au koki chini yake. Mkeka wa kukatia wa A2 unatosha meza ya chumba cha hosteli. Usiulaze juu ya hita ya ukutani wala kuwekea kikombe cha chai ya moto, maana ni plastiki ya PVC na ukishapinda haurudi.

Sasa ukataji kwa mashine ya leza, na hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo wanafunzi wanapopoteza fedha nyingi kwa makosa yanayoepukika. Ukikata akriliki, rafuni utakuta herufi mbili: GS na XT. GS imemiminwa kwenye kalibu, XT imesukumwa kwa mashine. Maandishi yaliyochongwa kwa leza juu ya GS hutoka meupe yanayosomeka. Juu ya XT hubaki karibu kama kioo, hayaonekani. XT nayo ina faida yake: unene wake haubadilikabadiliki sana, wakati GS ya “mm 3” inaweza kutofautiana kwa sehemu kadhaa za milimita hata ndani ya bamba moja. Kwa hiyo kama modeli yako inaungana kwa kuchomeka kipande ndani ya kipande, pima bamba lenyewe kwa kalipa katika pembe zake nne. Usiiamini lebo.

Kisha uuzingatie upana wa mkato. Mwale wa leza hula kati ya mm 0.1 na 0.2, nusu kila upande wa mstari uliochora. Tundu ulilolichora kwa mm 3 kamili litatoka takriban 3.15, na kipande cha mm 3 kitacheza ndani yake. Lichore 2.85. Njia ya uhakika ni kutangulia na kipande kidogo cha majaribio chenye matundu ya 2.7, 2.8, 2.9 na 3.0, kisha kujaribu lipi linabana vizuri. Kipande hicho kinaweza kuwa kidogo kama tiketi ya basi, na huokoa bamba zima.

Faili ndiyo inayoharibu kazi nyingi kuliko mashine. Mistari iliyolaliana mara mbili hukatwa mara mbili, na ukingo unaungua. Maandishi ambayo hayajageuzwa kuwa mikondo hubadilika fonti au kupotea kabisa. Mchoro uliohamishwa kwa faili ya aina ya DXF bila kutaja kizio unaweza kufunguka ukiwa mkubwa au mdogo mara 25.4, kwa sababu programu moja imesoma milimita na nyingine imesoma inchi. Weka mraba wa sentimita 10 pembeni mwa mchoro ili anayeupokea aone mara moja kama kipimo ni sahihi. Herufi kama O na A, zikikatwa badala ya kuchongwa, zinaangusha matumbo yao, zinahitaji vidaraja vya kuzishikilia. Na usiombe PVC ikatwe kwa leza mahali popote: ikiungua hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inayodhuru mapafu na kula chuma cha mashine. Kadibodi na plaiwudi zitatoka na ukingo wa kahawia hata iweje. Tepu ya karatasi ikibandikwa juu kabla ya kukata huzuia moshi kuchafua uso, ila ukingo wenyewe utabaki hivyo, basi uufanye sehemu ya muundo au utumie kisu.

Baada ya leza, usifute akriliki kwa spiriti. Joto limeacha mkazo ndani ya ukingo, na alkoholi inaufungua: nyufa ndogondogo hutokea, pengine saa kadhaa baadaye, pengine mbele ya wakufunzi. Maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo yanatosha.

Gundi nazo zina mpangilio wake, na rafu ya Modulor imejaa kiasi cha kumchanganya mtu. Kadibodi kwa kadibodi: gundi nyeupe, nyembamba sana, ukishika kwa dakika moja. Ukiipaka uso mmoja wa tabaka pana, kadibodi inavuta maji na kujikunja, basi bandika karatasi upande wa pili pia ili mvuto ulingane. Balsa: UHU hart. Povu la polistirini: UHU por, kwa sababu gundi nyingine nyingi zenye viyeyusho, pamoja na za kupuliza, hulila povu hadi libaki shimo. Akriliki: gundi ya kuyeyusha kama Acrifix, dirisha likiwa wazi. Supaglu inashika akriliki lakini huacha ukungu mweupe kuzunguka kiungo, na ukungu huo hauondoki vizuri.

Kuhusu povu lenyewe, jua unalolinunua. Polistirini inakatwa kwa waya wa moto. Povu la poliurethani, lile linalochongeka vizuri kwa msasa na linalopendwa kwa modeli za vishikio na vyombo vya mkononi, halikatwi kwa waya wa moto kamwe, kwani moshi wake una sumu. Msumeno, faili, msasa na barakoa, na kazi hiyo ifanyike karakana ya chuo. Si chumbani unapolala.

Nini basi kisinunuliwe pale? MDF, mbao za kawaida, skrubu, msasa, gundi ya mbao ya kopo kubwa, rangi nyeupe ya ukutani. Hizo nenda maduka ya vifaa vya ujenzi kama Hornbach au Bauhaus. (Bauhaus hili ni duka la saruji na mabomba, halina uhusiano na chuo kile cha Weimar cha 1919 kilichohamia Dessau na kufungwa Berlin 1933.) Mabaki ya vitambaa, fremu, mabomba na mbao ulizia Kunst-Stoffe, wanaokusanya vifaa vilivyotupwa na kuvitoa tena kwa wasanii na shule. Kwa modeli za mwanzo ambazo mkufunzi atazikata vipande kwa maneno, maboksi ya duka la vyakula yanatosha kabisa. Na uliza mapema kuhusu leza ya chuo chako. Mara nyingi ni nafuu kuliko ya nje, ila usitarajie kuigusa kabla ya kufanya mafunzo ya usalama, na nafasi za mafunzo hujaa mwanzoni mwa muhula, Oktoba na Aprili.

Mwanafunzi kutoka Dar au Nairobi anayeishi kwa akaunti iliyofungwa (Sperrkonto, akiba inayodaiwa kwa visa na kutolewa kidogo kidogo kila mwezi), ambayo tangu Septemba 2024 inadai yuro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi, akishatoa kodi na bima ya afya hana nafasi ya kukosea bamba mbili za akriliki. Angalau bei unayoiona rafuni tayari ina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 19, hakuna nyongeza kaunta.

Saa ndizo zitakazokusumbua kuliko lugha. Ujerumani maduka hufungwa Jumapili, na Modulor pia. Anayewasilisha Jumatatu, siku yake ya mwisho ya kununua ni Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ya msongamano. Nenda Jumanne au Jumatano asubuhi, wahudumu wana muda wa kukutolea sampuli na kukueleza tofauti. Julai, kabla ya maonyesho ya Rundgang ambapo vyuo hufungua milango kwa umma, na Februari, muhula unapoisha, nusu ya wanafunzi wa mji wanataka kukata kwa wakati mmoja. Faili ya leza ipeleke angalau wiki moja kabla. Kama haiwezekani, geuza muundo uwe wa kadibodi na kisu.

Mwisho, marejesho. Kwa sheria ya Ujerumani, ulichonunua mtandaoni unaweza kukirudisha ndani ya siku 14, lakini haki hiyo haigusi kilichokatwa kwa vipimo vyako. Ulichonunua dukani na kisicho na kasoro hakina haki ya kurudishwa isipokuwa kwa hiari ya duka. Kwa hiyo bamba usilolijua vizuri linunue kwanza kwa saizi ndogo kabisa waliyonayo, lijaribu kwa kisu, gundi na rangi, kisha urudi kwa lile kubwa. Na mabaki ya akriliki uyaandike GS au XT kwa kalamu ya wino usiofutika kabla hujaondoa karatasi ya juu, kwa sababu yakishavuliwa yanafanana kabisa.