TAHADHARI: Mabonge meusi ya "utomvu wa mshale" yanayouzwa Dodoma

Wadau, kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Dodoma, Chemba na Kondoa akiuza mabonge meusi ya ukubwa wa ndimu, eti utomvu wa kukazia chembe za mishale, yaani vile vichwa vyenye ncha. Unalipa kwanza, bodaboda analeta. Mzigo unafika kweli, shida ni kilichomo. Tuliyoyapima ni ya aina mbili: gundi ya mgunga iliyokorogwa na unga wa mkaa, au vijiti vya gundi ya plastiki vilivyoyeyushwa na kutiwa masizi.

Gundi ya mgunga ina kazi yake. Manyoya ya mshale inayashika vizuri. Ila inayeyuka majini, kwa hiyo chembe uliyoikaza kiangazi itaanza kucheza mvua za Desemba zikinyesha. Ya plastiki inalainika kwa joto. Acha mshale ndani ya gari saa nane mchana, utakuta chembe imelala upande.

Kabla ya kulipa, omba kipande kama punje ya hindi. Kitie kwenye glasi ya maji baridi usiku kucha. Asubuhi maji yakiwa mazito, yanateleza, na mkaa umetuama chini, hiyo ni mgunga. Utomvu halisi wa msonobari, kama unaogemwa Mufindi, hauyeyuki majini. Kingine kishike kwa koleo, kipitishe kwenye moto: utomvu huyeyuka upesi, huwaka kwa moshi mweusi na kunukia mti. Mgunga haiyeyuki, inafura na kuwa kaa. Plastiki ukiivuta ikiwa ya moto hutoa nyuzi ambazo hata zikipoa zinapinda tu. Nyuzi za utomvu zikipoa hukatika kama kioo.

USIONJE WALA KUTAFUNA bonge lolote. Sumu ya mishale nayo huchemshwa mpaka iwe nyeusi kama lami, na kwa macho huwezi kuitofautisha na gundi.

Bora utengeneze mwenyewe. Vijiko 4 vya utomvu uliochujwa, 1 cha mkaa uliotwangwa na kuchekechwa, nusu kijiko cha nta ya nyuki. Yeyusha kwenye kopo juu ya makaa yaliyofifia. Ikitokota sana inakauka kupita kiasi, na chembe ikigonga kitu kigumu gundi inapasuka. Nta ikizidi, jua letu litailainisha. Ukishagundisha chembe, zungushia kano ya mnyama iliyolowekwa. Gundi peke yake haitoshi.

Nta yenyewe, huyohuyo anauza mishumaa iliyoyeyushwa. Ifinyange mkononi: ya nyuki inalainika na kunukia asali, ya mshumaa inameguka.

Mliokwisha kuuziwa hii, tunzeni meseji za muamala. Chembe zilizokazwa kwa mgunga zilowekeni ncha hadi penye gundi tu, uti (fimbo ya mshale) uliobaki usiguse maji maana utapinda. Za plastiki zipasheni moto, mzikwangue, kisha mpige msasa kabla ya kutia gundi mpya, la sivyo haitashika.