Kihisi cha radi AS3935: kinajua umbali, hakijui upande

Chipu hii ndogo husikiliza mawimbi ya redio yanayorushwa na radi kwenye masafa ya karibu 500 kHz, kisha hukadiria umbali wa ukingo wa mbele wa dhoruba, kuanzia kilomita 40 hadi 1. Makadirio hayo huja kwa ngazi chache tu, kwa hiyo usitarajie kupata mita. Upande haionyeshi kabisa. Kwa hilo fungua ramani ya radi ya Blitzortung mtandaoni, inayolinganisha muda wa mawimbi kufika kwenye vituo vya watu wa kujitolea.

Kazi iko kwenye marekebisho. Kapasita za ndani (vijenzi vinavyohifadhi chaji) huongezwa kwa hatua za pikofaradi (pF) 8, hadi 120, mpaka masafa ya antena yasipishane na 500 kHz kwa zaidi ya asilimia 3.5. Ukiruka hapo, umbali unaosomwa ni ramli. Baadhi ya moduli (bodi zenye chipu hii tayari) huja na thamani ya kapasita inayofaa imeandikwa kwenye mfuko, chagua hizo.

Halafu kuna radi za uongo. Chaja, mota na skrini ya simu iliyo karibu huidanganya kirahisi, basi tumia betri na uitenge. Kelele ikizidi, pandisha kizingiti cha kelele ngazi moja moja. Ukipitiliza, dhoruba ya mbali itapita kimya.

Ngurumo ikianza kusikika, ihakiki kwa saa: sekunde tatu kati ya mmweko na mlio ni takriban kilomita moja. Fanya hivyo ukiwa ndani ya nyumba.