Tales of the Black Widowers: weita anayefumbua kila fumbo

Kama unampenda Isaac Asimov kwa hadithi zake za maroboti na safari za angani, huenda hujui kwamba mwaka 1974 alitoa kitabu cha mafumbo kisicho na roboti hata mmoja. Kina hadithi 12, na karibu zote zinatokea mezani. Wanaume sita wa New York, wenye chama chao kiitwacho Black Widowers, hukutana mara moja kwa mwezi katika mkahawa wa Milano, wanakula, wanabishana, na mwenyeji wa zamu huja na mgeni. Chakula kikiisha, mgeni anaulizwa swali zito: una sababu gani ya kuwa hai? Kutoka hapo wanamhoji mpaka jambo linalomkosesha usingizi litoke.

Waliopo ni wakili wa hataza, mwanakemia, mwandishi, mchoraji, mwalimu wa hisabati na mtaalamu wa maandishi ya siri. Kila mmoja ana nadharia yake, na kila nadharia inagonga mwamba. Ndipo Henry, weita wao, anaomba ruhusa ya kuuliza swali moja. Jibu hutoka kwake.

Mimi nimewahi kuwa weita katika hoteli moja hapa Kisumu, na hiyo ndiyo sababu kitabu hiki kimenikaa moyoni. Watu wakiwa mezani wanashusha sauti mteja mwingine akipita, lakini ukija wewe na jagi la maji ya kunawa, mazungumzo yanaendelea vilevile. Huku unamimina maji na mwingine anakinga mikono juu ya beseni, wanajadili shamba la marehemu, nani atie sahihi na nani asiambiwe. Unaweka samaki, unaweka ugali, unarudi na kachumbari, na tayari umejua nani kati yao anadanganya. Asimov ameielewa hali hiyo vizuri sana. Wale sita wanasikiliza huku wakitafuta nafasi ya kuonyesha usomi wao. Henry hana mtu wa kumshinda, kwa hiyo anasikia kilichosemwa hasa. Tena wanachama wanamheshimu, wanamhesabu kuwa mmoja wao, na mgeni akishangaa kwamba mhudumu amebaki chumbani, wanamwambia wazi kwamba Henry ni wa chama. Sehemu hizo nilizisoma polepole.

Hadithi niliyoipenda kuliko zote ni “Truth to Tell”. Kuna mtu ambaye kila anayemfahamu anaapa kwamba hasemi uongo kamwe. Pesa na hati za dhamana zimepotea kwenye sefu, ushahidi wote unamwelekea yeye, naye anakana kwa sentensi moja anayoirudia bila kuigeuza. Unaanza kujiuliza: je, mtu mkweli anaweza kuwa mwizi? Ukishapata jibu utarudi kurasa kadhaa nyuma, nawe utaona Asimov hakukuficha chochote. Kila kitu kilikuwa mbele yako.

Tulikisoma pia kwa sauti, mimi na wenzangu wa kazini, jioni baada ya kufunga. Msomaji alisimama kila Henry alipokaribia kusema, kisha ikawa kama kutegana vitendawili: aliyeshindwa anatoa mji. Mwenzetu mmoja alitoa Siaya, akatoa Busia, akatoa Kakamega, mpaka akabaki hana mji wa magharibi wa kutoa, lakini fumbo lililofuata akalipata kabla ya Henry. Kelele tulizopiga zilimleta mlinzi.

Yapo yaliyonikera. Chama hakikubali wanawake kabisa, na wanachama wanajivunia hilo; mimi mwanamke nasoma nikijua nisingepewa kiti, na sioni hadithi zinafaidika nini kwa hilo. Mabishano kabla ya fumbo mara nyingine yanarefuka bila sababu, hasa mwandishi Rubin anapoanza kumjibu kila mtu. Na kuna mafumbo yanayomtaka msomaji awe Mmarekani. “Early Sunday Morning” inategemea jambo ambalo wenzetu wa huko hulifanya kila mwaka na ambalo sisi tunaoishi kwenye ikweta hatuna haja nalo. Ukikaa Kisumu maisha yako yote, huna njia ya kulifikia. Hapo niliona nimeonewa.

Anayetaka damu na risasi hatazipata kwa wingi. Mafumbo mengi ni ya kitu kilichopotea, mtihani uliofaulika kwa njia ya kutiliwa shaka, kelele za jirani ghorofani. Kwangu hilo ni jema, maana ndiyo mambo yanayowatesa watu kweli. Kila hadithi inafuatwa na maelezo mafupi ya Asimov kuhusu alivyoiandika, na zilizotoka kwanza katika jarida la Ellery Queen's Mystery Magazine anakueleza pale mhariri alipobadilisha kichwa chake. Usiyaruke, yana ucheshi wake.

Kiingereza chake ni chepesi, mwanafunzi wa sekondari atakimudu. Anza na hadithi ya kwanza, “The Acquisitive Chuckle”, kwa sababu inakueleza Henry ni nani, na ukiisoma mwishoni utajinyima raha yake. Nakala yangu ni ya mtumba, nimeipata kwa muuza vitabu wa kando ya barabara mjini. Sasa natafuta cha pili, More Tales of the Black Widowers cha mwaka 1976. Mwenye nacho hapa Kisumu, au hata Maseno, niko tayari tubadilishane.