Amplifaya: valvu ya wati 8 au transista ya wati 64?

Spika nyingi nzuri za sebuleni zina uchoyo: ukizipa wati 1 hutoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 84 hivi, ukizisikiliza umbali wa mita 1. Hapo ndipo amplifaya ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) ya wati 8 inapoanza kuhema. Kila ukizidisha nguvu mara mbili unapata desibeli 3 tu, kwa hiyo inafika 93 na kugonga mwamba. Taarabu ya usiku, mwimbaji na udi wake, inatoka tamu ajabu. Ngoma zikipamba moto, besi inalegea.

Transista ya wati 64 inafika 102 kwa spika zilezile, na iliyoundwa vizuri inamudu spika za omu 4 (ukinzani mdogo, unaovuta umeme mwingi) bila taabu. Haina ule utamu wa valvu (najua watakaonibishia), lakini besi inaishika barabara. Valvu nazo huchakaa, ukanunua nyingine.

Kama spika zako ni za honi (zenye mdomo uliopanuka kama tarumbeta), desibeli 95 kwenda juu kwa wati 1, chukua valvu. Kwa za 84, hela yangu iko kwenye transista. Usihofu wati nyingi: mara nyingi twita (kispika cha sauti nyembamba) huungua kwa amplifaya ndogo iliyokamuliwa mpaka sauti inakwaruza.