Klampu na gundi za mbao, kipi uanze kununua

Wakuu, kama hela yako ni ya kitu kimoja tu, anza na klampu, kile kifaa cha kubana mbao zilizopakwa gundi mpaka ikauke. Wengi tunaenda kinyume, mtu anazunguka soko zima la Tabora mjini anaulizia gundi kali, akirudi karakana anabana kwa misumari miwili na tofali juu, kiungo kikiachia anasema gundi feki.

Namba moja kwangu ni klampu za bomba. Unanunua vichwa tu, yaani sehemu mbili zinazobana, bomba la chuma la robo tatu ya inchi unakata hadwea na wanakutilia nyuzi upande mmoja, siku ukipata oda ya mlango unaweka bomba refu zaidi, vichwa ni vilevile. Namba mbili F klampu, yenye umbo la herufi F, ila kagua chuma, zile nyepesi ukikaza zinapinda. G klampu, umbo la herufi G, inabana balaa lakini mdomo mfupi. Huna hela kabisa? Pigilia vizuizi viwili kwenye ubao mrefu, weka kazi katikati, gonga kabari mbili zinazopishana. Na kwa miguu ya stuli ya mviringo, ambapo klampu inateleza, zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, na Tabora tyubu kuukuu utakosaje jamani.

Gundi sasa. Ile nyeupe, PVA, ndo ya kwanza kwa kitanda, kabati, meza ya ndani. Inafutika kwa maji ikiwa mbichi, bei yake rafiki, na mninga mkavu uliopigwa randa sawasawa ukiungwa ubavu kwa ubavu mbao itapasuka kabla gundi haijaachia. Tafuta kopo lenye alama ya D3, hiyo inavumilia unyevu wa mara mojamoja, D4 zaidi. Bana nusu saa mpaka saa nzima, mzigo kesho yake. Joto la Oktoba linaiwahi kukausha kwa hiyo jaribu kuunga bila gundi kwanza, na klampu ziwe tayari mkononi.

Ya pili epoksi, ya kuchanganya. Ghali, ila kwa fundi wa Kigoma anayetengeneza kitu cha kukaa mwaloni, pale ufukweni mwa ziwa, kinapigwa maji kila siku, sioni mbadala. Inajaza nafasi pia. Usiibane kwa nguvu sana, itatoka yote.

Poliyurethani naiweka ya tatu: inastahimili maji vizuri ila povu lake linadanganya, linajaza tundu lakini halina nguvu, na chupa ukishafungua inagandia humohumo.

Supa gluu na gundi ya viatu sio za maungio. Ya viatu bandikia fomaika.

Mitiki ina mafuta, pangusa na asetoni ndo upake. Mbao mbichi usiguse, hata epoksi haitakusaidia. Kichwa cha mbao, yaani ncha iliyokatwa, nacho kinanyonya gundi, hapo chonga ulimi na tundu.

Ukipanga mbao za meza, klampu moja iwe chini nyingine juu, zikiwa zote upande mmoja ubao unapinda, na weka nailoni chini ya bomba maana chuma kikigusa gundi mbichi kinaacha doa jeusi, msasa wake utauchukia.