Nimeuziwa "toga" yenye pembe nne

Nyota moja, na hiyo ni kwa sababu sifuri haikubaliki.

Toga, lile vazi la kujizungushia la Warumi wa kale, haina pembe nne. Duka hili la mavazi ya maonyesho linatangaza "toga halisi ya enzi ya Augustus", yaani Kaisari wa kwanza wa Roma, na kifurushi kilipofika juzijuzi ndani mlikuwa na mstatili wa mita 4 kwa 1.7, umezungushiwa mpaka wa zambarau kando zote nne kama kitambaa cha meza. Nikawaandikia. Jibu: "Mpendwa mteja, Warumi walikuwa wanajifunga shuka tu. Jaribu tena kufunga." Jaribu tena!

Haya, tuelezane. Toga ya wakati wa Augustus ilikuwa na ukingo mmoja ulionyooka na mwingine wa mviringo. Urefu wake ni kama mita 5 na nusu, na upana pale katikati mita 2 na nusu hivi. Quintilian, mwalimu wa usemaji wa karne ya 1, anaagiza wazi kwamba toga iwe ya mviringo na ikatwe ikakaa vizuri, mbele ifike katikati ya muundi wa mguu, nyuma iwe juu kidogo. Mviringo huo si urembo. Kadiri nguo inavyouzunguka mwili, ukingo wake unapanda wenyewe. Mstatili ukiulazimisha kufungwa hivyo, pembe moja inaburuzika miguuni, ya pili inaning'inia nyuma, na kwapani panabaki furushi la kitambaa lisilo na pa kwenda. Hata fundi wa kufunga lubega hatalinyoosha. Vazi la mstatili lipo, linaitwa pallium, na halina ubaya wowote. Ila ni la Kigiriki.

Toga yenyewe inavaliwa hivi. Kwanza inakunjwa kwa urefu, sehemu ndogo ikilalia ile kubwa. Ncha moja inashushwa mbele kutoka bega la kushoto hadi karibu na nyayo. Iliyobaki inapita mgongoni, inatokea chini ya kwapa la kulia, inakatiza kifuani, inatupwa tena juu ya bega la kushoto na kuangukia nyuma. Sehemu ndogo uliyoikunja ndiyo inayoning'inia mbele kuelekea goti la kulia, nao waliiita sinus. Mwisho unaingiza mkono kifuani, unaivuta juu ile ncha ya kwanza iliyofunikwa mpaka itokeze kifuko kidogo. Usipofanya hivyo, utaikanyaga ngazini.

Na hakuna pini! Kinachoishika ni sufu kung'ang'ania sufu, uzito wa nguo, na mkono wa kushoto uliokunjwa muda wote. Wenye nacho waliwaachia watumwa kazi ya kupanga mikunjo tangu siku iliyotangulia. Sasa hawa wamenitilia bizimu "ya kufungia begani". Bizimu ni ya joho la askari au la msafiri. Ukiichoma kwenye toga, uzito wote unavutwa na tundu moja na sufu inachanika.

Lakini niseme haki: sufu yenyewe ni nzuri. Nzito, haitelezi, rangi yake ya asili. Wengi huuza poliesta, ambayo haikai begani hata dakika mbili. Kwa sufu hii nilikuwa tayari kupandisha hadi nyota tatu.

Kisha nikasoma kikaratasi chao: "Linamfaa Mrumi yeyote, mke kwa mume, bwana kwa mtumwa." Jamani! Toga ilikuwa vazi la raia. Mtumwa hakuruhusiwa, mgeni hakuruhusiwa. Mke wa heshima alivaa stola, gauni refu la wanawake walioolewa. Mwanamke mwenye toga alihesabiwa kahaba. Mpaka wa zambarau nao ulikuwa wa viongozi wakuu wa serikali, na wa wavulana waliozaliwa huru kabla hawajavikwa toga nyeupe ya utu uzima. Suetonius, mwandishi Mrumi wa maisha ya makaisari, anasimulia kesi ya mtu aliyedaiwa kujifanya raia, mawakili wakabishana avae toga au pallium, na Kaisari Claudius akaamuru abadilishe kila mara: pallium akishtakiwa, toga akitetewa. Kwa nguo hii ya dukani angebaki na pallium kesi nzima.

Narudi nyota moja.

Ingawa, kwa aliyekwisha kulipa, kipo cha kuokoa. Kunja mstatili katikati ya urefu wake upate mita 2 kwa 1.7. Upande wa mkunjo usiuguse. Kwa chaki, anzia chini kwenye mkunjo, chora tao hadi pembe ya juu iliyo mbali, ukate, kisha upinde ukingo kabla nyuzi hazijafumuka. Hapo utapata toga fupi ya zama za Jamhuri, kabla ya makaisari, isiyo na sinus, kama ya sanamu ya kale ya shaba ya Aulus Metellus iliyoko Florence, Italia. Fumua mpaka wa zambarau uliobaki, labda kama unamvisha kiongozi wa aina hiyo. Sema basi nyota mbili, za sufu na za mkasi wangu, si za duka. Na wala haiwi ya Augustus. Kwa upana wa mita 1.7 haiwezekani.

Ukinunua popote, dai picha ya nguo ikiwa imetandazwa sakafuni. Ya duka hili ilikuwa imevishwa sanamu, na pembe zote zimefichwa nyuma.